Sanul Alale Wapi

Oktoba 6, Jumatatu

Mvua ya kwanza ya maana. Paa la ofisi yetu ya ustawi wa jamii limeanza kuvuja palepale lilipovujia mwaka jana, safari hii juu ya bango jipya lililoandikwa FAMILIA KWANZA. Pak Hendri, yaani Bwana Hendri, mkuu wetu, ameagiza bango lihamishwe ukuta wa pili. Kuhusu paa hakusema kitu.

Bango limekuja pamoja na mwongozo mpya kutoka wizarani. Watoto wasipelekwe tena kwenye makao kama magunia yanayopelekwa stoo. Kwanza atafutwe bibi, shangazi, mjomba, hata jirani, na makao yawe mlango wa mwisho kabisa. Nimelipigia kelele jambo hili tangu nilipoajiriwa, hadi wenzangu wakanipachika jina la Redio. Leo wamenipigia makofi, nusu kwa dhihaka na nusu kwa kweli. Nimefurahi, na naandika hapa ili baadaye nisije nikakana kwamba nilifurahi.

Oktoba 9, Alhamisi

Nimepewa mwenzangu mpya. Anaitwa Kinanti, msichana kutoka kisiwa cha Java, ametoka chuoni juzi, viatu vyeupe pee. Akaniuliza, "Uni Neli, huku kwenu mvua hukatika lini?" Nikamwambia mwezi wa pili, ukiwa na bahati. Akacheka, akidhani namtania. Uni ni dada mkubwa kwa lugha yetu ya Minang, na alikwisha jifunza kulitamka vizuri. Hilo nimempa alama.

Oktoba 14, Jumanne

Mvua. Mikutano miwili kuhusu watoto. Hakuna mtoto aliyetajwa jina katika mkutano wowote.

Oktoba 21, Jumanne

Nimerudi kutoka harusi ya binti wa dada yangu, tumbo bado limejaa nyama ya rendang, nikakuta tumekwisha mchukua mtoto wa watu.

Nieleze taratibu. Nikiwa harusini, Kinanti alikwenda peke yake kijiji cha Koto Rambai kujaza fomu mpya ya tathmini. Alikwenda kwa Bibi Saunah, anayemlea mjukuu wake Ihsanul wa miaka kumi na mmoja, ambaye wote wanamwita Sanul. Mama yake, Desmi, anatunza wazee huko Johor, ng'ambo ya bahari. Baba yake yuko kisiwani Batam na mke mwingine na simu isiyopokelewa.

Kinanti akauliza swali lililoandikwa kwenye fomu: mtoto analala wapi? Mjomba wa mtoto, Darwis, kaka yake Desmi, akainua kidevu na kumjibu mbele ya watu wote: "Huyu? Tangu atimize miaka saba hajalala nyumba hii hata usiku mmoja!"

Kwetu hiyo ni sifa. Nyumba kubwa ya ukoo ni ya wanawake, na vyumba vyake ni vya mabinti. Mvulana akishapata akili huenda kulala surau, ile nyumba ya sala, pamoja na wenzake. Huko anasoma Kurani, anajifunza kupigana kwa adabu, anapika wali unaoungua, na anazoea dunia. Vijiji vingi vimeacha. Koto Rambai hawajaacha, nao hujitapa kwa hilo kama wengine wanavyojitapa kwa timu ya mpira. Darwis alikuwa anamsifia mpwa wake kwa mgeni.

Fomu haikusikia sifa. Kwenye fomu ikawa: mtoto hana mahali pa kulala, kaya haimpokei. Siku ya pili gari la ofisi likaja. Darwis akaambiwa atie sahihi kwamba mtoto anachukuliwa kwa usalama wake, naye akatia. Sanul sasa yuko kwenye makao ya watoto kule mjini Padang. Ameondolewa kwa mwongozo ulioandikwa ili watoto wasiondolewe!

Nilimkuta Kinanti mezani kwake. "Uni, ningefanyaje?" akasema. "Niliuliza, wakajibu."

"Ulimwuliza kwa nini halali nyumbani?"

"Fomu haina kwa nini."

Nilitaka kumkasirikia, nikaona macho yake yamevimba. Nikaikasirikia fomu, na nikaondoka kabla sijasema neno la kujutia.

Oktoba 22, Jumatano

Nimeingia kwa Pak Hendri bila kubisha hodi. Alikuwa anakunywa chai iliyochanganywa na yai, akaendelea kuikoroga kana kwamba ni upepo tu ulioingia.

"Neli, mtoto anakula, anasoma, ana kitanda. Sasa shida iko wapi?"

"Shida iko kwamba ana kwao."

"Kwao wapi? Msikitini?"

"Surau. Na wewe mwenyewe ulilala surau, Pak. Mama yako alinisimulia."

Akaweka kijiko chini. "Enzi zile zilikuwa enzi zile. Leo kitu kikitokea usiku kule, nani ataitwa na magazeti, wewe au mimi?"

Swali hilo si la kijinga, na limenikera zaidi kwa sababu si la kijinga. Akanieleza utaratibu. Jopo la watu watatu, yeye akiwa mmoja wao, litakaa Desemba 16. Likiona Sanul ana familia inayomtunza, atarudi. Likiona hana, atabaki makao hadi atimize miaka kumi na minane, na faili litafungwa. Nikamwambia mtoto huyu atarudi kwao, hata ikibidi nimbebe mgongoni. Akasema nifunge mlango nikitoka.

Sikuufunga.

Oktoba 30, Alhamisi

Koto Rambai. Barabara ni uji mtupu, pikipiki niliisukuma zaidi kuliko nilivyoipanda.

Bibi Saunah alikuwa jikoni. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Akanitazama kuanzia kwenye matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Ndio nyie?"

"Ndio sisi, Bibi."

Akanimiminia kahawa chungu, bila sukari, na mkebe wa sukari akauweka juu ya kabati nikiuona. Nikainywa yote. Nadhani hilo lilisaidia kidogo, maana alianza kusema. Alisema Sanul alipoondoka hakulia, alikuwa anamtazama yeye tu, akingoja aseme neno. "Na mimi nilikaa kimya," akasema, "kwa sababu mjomba wake alikwisha sema. Siku nyingine sitakaa kimya. Liandike hilo."

Darwis alikuwa ngazini, hataki kuingia ndani. Kwenye nyumba ya mama yake anakaa kama mpangaji anayedaiwa kodi. "Nilimsifia, Uni! Wallahi nilimsifia! Ningejua ningesema analala kwenye dhahabu!"

"Na sahihi?"

"Yule binti alikuwa na kitambulisho shingoni."

Yaani kitambulisho shingoni kimetosha kumtoa mpwa wake. Nimemwona mtu wa maneno makubwa na moyo mdogo. Naandika kama nilivyoona.

Novemba 3, Jumatatu

Padang. Nilikwenda nikitarajia kukuta jela, nikakuta mahali safi, penye bustani na mwanamke mnene mkarimu anayesimamia. Hili ndilo linalofanya kazi hii iwe ngumu. Makao yangekuwa mabaya, kila mtu angenielewa.

Sanul alikuwa golini, amejaa vumbi. Ana masikio makubwa na sauti ya mtu mzima. Akaniuliza kama daraja la Koto Rambai limeshabebwa na maji. Nikasema bado. Akaonekana amevunjika moyo kidogo.

"Unalala vizuri?"

"Taa haizimwi. Na Gilang anaongea na mama yake akiwa usingizini. Mama yake alikufa."

Kisha akauliza, "Nani anamshikia Bibi tochi jioni akienda chooni?" Nikasema sijui. Akasema, "Ujue basi," kama vile yeye ndiye afisa na mimi ndiye niliyekuja kuhojiwa.

Nikamwahidi. Nikasema, "Utarudi, Sanul. Utalala surau na wenzako kama zamani." Akaangalia vidole vya miguu yake. Nikadhani ni haya ya furaha, nikaondoka na nguvu mpya.

Novemba 8, Jumamosi

Mlima umeteremka barabarani. Umeme hakuna. Nimefua, haijakauka hata nguo moja.

Novemba 12, Jumatano

Leo nimejitafutia ugomvi wa pili, kwa upande wa pili.

Nikitaka jopo likubali surau, lazima nijue hiyo surau ikoje. Nimekwenda kuikagua. Buya Makmur, mwalimu wao wa dini, alinipokea kwa ndizi za kukaanga na maneno matamu: msomi wetu, binti yetu, mtetezi wetu. Nikala ndizi. Kisha nikapanda juu wanapolala wavulana.

Mlango ni mmoja. Ufunguo ni mmoja, na anakaa nao Buya. Mtu mzima anayelala pale ni mmoja, Buya. Hakuna mama wala bibi anayeruhusiwa kupanda hata kwa kumpelekea mtoto dawa ya homa.

Nikashuka nikamwambia. Watu wazima wawe wawili, na wajomba wabadilishane zamu. Komeo liwe ndani, mtoto aweze kutoka wakati wowote. Mlango wa pili utobolewe upande wa mtoni. Na mama au bibi wa mtoto apande saa yoyote bila kuomba ruhusa.

Uso wa Buya ukabadilika. "Unanishuku mimi, Uni? Mimi niliyemfundisha kusoma kaka yako?"

"Nakushuku kama ninavyomshuku kila mtu anayelala na watoto wa watu na ufunguo mfukoni. Ningekuwa mimi ndiye mwenye ufunguo, ningejishuku mwenyewe."

"Mambo ya mjini hayo."

"Watoto wa mjini na wa kijijini wana ngozi moja, Buya."

Wanaume wote waliokuwa barazani wakasimama. Nilidhani watanifukuza. Mmoja akasema mwanamke hajawahi kupanda juu ya surau ile. Nikamjibu kwamba leo nimepanda na paa halijaanguka. Nikapanda pikipiki, na pikipiki, kwa aibu yangu, ikakataa kuwaka. Ikabidi Darwis aisukume hadi mteremkoni, wote wakitazama. 

Novemba 13, Alhamisi

Pak Hendri ameniita. "Wamepiga simu kutoka Koto Rambai. Wanasema umewatukana wazee."

"Mwezi uliopita ulisema nawatetea mno. Chagua moja, Pak, nami nitaitilia sahihi."

Ameniambia mdomo wangu utaniponza. Mama yangu alisema hivyohivyo nikiwa na miaka tisa, na hadi leo sijaponzeka vya kutosha kunyamaza.

Novemba 20, Alhamisi

Kinanti ameomba twende naye kijijini. Nilimwuliza kama ana hakika. Akavaa viatu vya mpira, vile vya kwenda mashambani, nikajua ana hakika.

Bibi Saunah alikuwa anaandaa tui. "Wewe ndiye uliyemchukua mjukuu wangu?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Haya. Nazi ziko pale. Mbuzi ile pale."

Msichana wa watu akakaa juu ya mbuzi akakuna. Hajui kukuna, mtu yeyote angeona. Alikuna hadi kiganja kikachubuka, na Bibi hakumwambia aache wala hakumwambia aendelee. Nazi ilipokwisha, Bibi akachukua mkono wake, akauosha, akaupaka mafuta.

"Kwenu ulilala na nani ukiwa mdogo?"

"Na bibi yangu. Hadi nilipokwenda chuo."

"Kubwa zima hivyo?"

"Kubwa zima hivyo, Bibi."

Wakacheka wote wawili. Sikuelewa nini kinachochekesha, nilikuwa nahesabu hoja zangu za jopo kichwani.

Wakati wa kurudi Kinanti akaniambia ataandika ripoti upya. Nikamwambia Pak Hendri hatapenda. Akasema, "Uni, hata mimi sikuipenda ile ya kwanza." Nimemhesabia alama nyingine. Sasa ananikaribia.

Novemba 26, Jumatano

Desmi amepiga simu kutoka Johor, kazini, anaongea kwa kunong'ona. Kuna mzee mgonjwa analala kando yake.

"Uni, naosha wazazi wa watu huku ili mwanangu asome. Nasikia watakaa watu mezani waamue kama ana kwao. Waambie chumba changu kipo. Waambie godoro liko surau, nilimnunulia mimi. Waambie niliondoka kwa sababu nina mtoto, si kwa sababu sina." Kisha mzee akaamka na simu ikakatika.

Nimelia. Halafu nikanawa uso, nikaandika maneno yake yote, nukta kwa nukta.

Desemba 2, Jumanne

Pak Hendri anataka jopo likae ofisini kwake, na familia iwakilishwe na watu wawili. Mwongozo unasema familia ishirikishwe mahali ilipo. Nilimwonyesha ukurasa. Akasema "mahali ilipo" ni maneno yenye tafsiri pana.

Basi nikawapigia simu wajumbe wengine wawili, daktari wa watoto na mwalimu mkuu mstaafu, nikawaambia jopo litakaa Koto Rambai, nyumbani kwa Bibi Saunah, na kutakuwa na rendang. Walikubali kabla sijamaliza kusema rendang. Pak Hendri akibaki ofisini atakuwa jopo la mtu mmoja.

Jioni nikapewa barua ya onyo. Nimeibandika ukutani, kando ya FAMILIA KWANZA, zisomwe pamoja.

Desemba 9, Jumanne

Buya Makmur ametoboa mlango wa pili upande wa mtoni. Hakuniambia. Darwis ndiye aliyenipigia simu, na nikasikia nyundo nyuma yake. Alikuwa anashika ngazi. Anasema wajomba watano wamekubali zamu na yeye ndiye wa kwanza. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu ile siku nilipaswa kumwambia yule binti asubiri." Huenda nilimhukumu mapema.

Desemba 16, Jumanne

Naandika nikiwa bado kwenye ngazi za nyumba ya Bibi Saunah. Mvua imekataa kukatika, na sina hamu ya kwenda popote.

Jopo limekaa asubuhi, mkekani, wanawake upande wa vyumbani, wanaume upande wa madirisha. Ukoo mzima ulikuja. Pak Hendri alikuja pia, kanuna, suruali imekunjwa hadi magotini. Sanul aliletwa na gari la ofisi kutoka Padang. Akaketi nyuma ya bibi yake, akawa anakula keripiki, zile chipsi kavu za muhogo, kwa sauti ya kukera.

Kinanti akaanza. Akasoma ripoti yake ya kwanza, yote, kisha akaiweka chini. "Hii ni yangu, na si sahihi," akasema. "Niliuliza analala wapi, sikuuliza nani anamlisha, nani anamfulia, nani anamjua akiwa na homa. Majibu ya hayo yote yako ndani ya chumba hiki." Sauti ilimtetemeka lakini alifika mwisho.

Darwis akasimama, akasema aliweka sahihi kwa woga na anaiondoa mbele ya mama yake. Buya akaeleza milango yake miwili kwa fahari, utadhani alizaliwa na wazo hilo. Nami nikasoma maneno ya Desmi. Kisha nikatoa hotuba yangu. Nilisema surau ni nyumba ya mtoto wa kiume wa Minang, kwamba hakuna mtu wa mbali atakayetuambia familia ina umbo gani, na kwamba Sanul atarudi kulala pale walipolala wajomba zake na wajomba wa wajomba zake. Wazee waliitikia kwa vichwa. Daktari alivua miwani akaifuta. Nilijua tumeshinda.

Pak Hendri akakohoa. "Kuna sehemu moja haijajazwa. Mtoto anasemaje?"

Nilikasirika. Nilidhani anatafuta kichochoro. Akamgeukia Sanul, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaongea kwa upole. "Sanul, ukirudi, unataka kulala wapi?"

Keripiki zikanyamaza. "Hapa."

"Hapa kijijini?"

"Hapa ndani. Chumba cha Mama."

Mtu akacheka. Mjomba mmoja wa pembeni akasema, "Chumba cha kina mama? We, dume zima?"

"Kule Padang nimelala na kundi," Sanul akasema, na ile sauti yake ya mtu mzima ikaanza kupasuka. "Surau pia nalala na kundi. Nimechoka kulala na watu. Nataka nikiamka nimsikie Bibi anakoroma."

"Mimi sikoromi," Bibi Saunah akasema.

"Unakoroma, Bibi."

Hakuna aliyecheka tena. Darwis akasogea mbele. "Sanul, mwanangu, nyumba hii mwanamume akishakuwa..."

"Darwis," Bibi akamkata. "Nyumba hii ya nani?"

"Yako, Mama."

"Chumba kile cha nani?"

"Cha Desmi."

"Desmi ana mtoto mwingine?"

"Hana, Mama."

"Basi."

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa bado nimeshika karatasi zangu za surau. Miezi miwili nimempigania mtoto huyu, nimegombana na ofisi, nimegombana na wazee, nimepewa onyo na nimelibandika ukutani kama cheti. Kule Padang alitazama vidole vyake mbele yangu, nami nikajijibia. Fomu haikumwuliza kwa nini. Mimi sikumwuliza anataka kulala wapi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Mzee mmoja akanyoosha kidole. "Uni, wewe ndiye umesema sasa hivi kwamba surau ndiyo kwao! Unataka kijiji kichekwe?"

"Nimesema, na nimekosea," nikamjibu. "Kikichekwa, kichekwe. Mtoto ametaja kwao kwa mdomo wake. Pak Hendri, andika: chumba cha mama yake. Na kosa langu liandike pia, liende na barua ya onyo."

Kukawa na makelele. Wazee wawili wakatoka nje bila kula, na rendang ya Bibi Saunah si kitu cha kuachwa hivihivi, kwa hiyo najua walikuwa na hasira ya kweli. Nilimtazama Buya, nikijua yeye akitoka wote watamfuata. Alichezea ndevu zake. "Alfajiri aje kusoma," hatimaye akasema. "Kulala si nguzo ya dini."

Daktari akatia sahihi, na mwalimu mkuu pia. Pak Hendri akaandika kwa mwandiko wake wa polepole, kisha akanigeuzia karatasi nione. Alikuwa anatabasamu, mtu huyu. Nikamwambia swali lile lilikuwa zuri. Akasema liko ukurasa wa nane wa mwongozo, na kwamba alidhani Redio ndiyo iliyousoma wote.

Desemba 17, Jumatano

Sijakwenda kazini. Nimesoma ukurasa wa nane.

Desemba 20, Jumamosi

Nilikwenda Koto Rambai kukamilisha ziara ya kwanza ya ufuatiliaji. Safari hii nilimwuliza Sanul mwenyewe kila kitu. Alichoka na maswali yangu, akaniuliza kama huwa napumzika.

Godoro lake lilikuwa bado surau. Wavulana walisema watalileta jioni, kukiwa hakuna watu njiani, ili mtu asiaibike. Darwis akakataa. Akaenda mwenyewe mchana kweupe, mvua inanyesha, akalitoa, akajitwika kichwani. Sanul akafuata na mto. Kuna njia fupi nyuma ya mashamba ya mpunga, inafika kwa Bibi Saunah bila kumpita mtu. Darwis akashika ile ndefu, inayopita mbele ya banda la kahawa, na banda siku ya Jumamosi hujaa wanaume. Nami nikawa nyuma yao na mwavuli usiosaidia.

Wakaanza mara moja. "Darwis, unaoa tena?"

"Mpe na chuchu basi, huyo mpwa wako!"

"Koto Rambai leo tumezaa binti!"

Sanul aliinamisha kichwa. Darwis akasimama katikati ya njia, katikati ya mvua, godoro limeanza kunywa maji na shingo yake inatetemeka kwa uzito. Yule niliyemwandika kwamba ana moyo mdogo akageuka akawatazama mmoja mmoja, watu aliokua nao surau moja.

"Nampeleka mpwa wangu kwao," akasema. "Mwenye neno aseme sasa hivi, godoro ni zito."

Wanaume wakarudia vikombe vyao. Sanul akainua kichwa, akamsukuma mgongoni kwa ule mto. "Mjomba, tembea basi, linalowa," akasema, nao wakaenda.